Msimzike Mume Wangu, Sehemu ya Tisa: Mtu wa Kaburi la Kangema

Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi pale Wakonyo alipopiga meza kwa kiganja. Kikombe cha chai cha ofisa kiliruka, chai ikatapakaa.

"Usiandike!" alifoka. "Wamae hajafa. Niko na mtu amemuona."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, ndani ya ofisi ile ya ghorofa ya pili mjini Nyeri. Na wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikueleze haraka, kwa sababu mambo ya leo yanakimbia.

Wamae ni daktari wa mifugo wa serikali, mzaliwa wa Othaya. Alitumwa kaskazini, karibu na mpaka, kuchanja ngamia. Gari lao likavamiwa. Dereva wake, Ben Kingori, aliteketea ndani ya gari, na mabaki yake yakazikwa kwao Kangema. Wamae alichukuliwa. Mwaka mzima umepita, na mwingine umeanza.

Nyumbani amemwacha mama yake, Wakonyo; mkewe, Nyawira, fundi wa nguo katika soko la Othaya; na binti yao Shiku. Figo za Shiku hazifanyi kazi. Mtoto anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, na mashine ililipiwa na bima ya kazi ya baba yake.

Bima hiyo imekatwa, pamoja na mshahara. Mtu fulani alipeleka habari makao makuu kwamba Wamae ameonekana akidunga ngamia wa watekaji sindano, mikono yake ikiwa huru. Wakubwa wakaamua kwamba huyo si mateka, ni mtoro aliyejiunga na maadui.

Ndiyo maana Nyawira alikuwa ameshika kalamu. Aape kwamba mumewe amekufa, faili lifungwe, familia ilipwe kama wafiwa, na mtoto arudi kwa mashine.

Sasa twende.

"Mtu gani amemuona?" aliuliza Bwana Ngatia, ofisa wa wafanyakazi, huku akifuta chai kwa leso yake.

"Ben," alisema Wakonyo.

"Ben yupi?"

"Ben Kingori. Dereva."

Mutahi, mdogo wake Wamae, alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. "Mama, Ben tulimzika. Mimi mwenyewe nilishika koleo."

"Ulizika mifupa imechomeka. Nani aliiuliza jina?"

"Mama!"

"Alinipigia jana nikichuma majani chai. Ati amesikia tunamfanyia Wamae ibada ya wafu Jumapili. Akasema, cucu, nyanya yangu, msifanye hiyo ibada. Nikamwambia, wewe ni nani? Akalia. Nikajua hiyo sauti. Nilimbembeleza mpaka akasema yuko Nanyuki, kwa stoo ya Mhindi anauza mabati."

Mutahi aliinuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shiku amekosa mashine mara mbili. Uso umefura mpaka macho hayaonekani. Nimeuza ng'ombe, nimeuza pikipiki, na sasa sina kitu imebaki. Dawa yake iko hapa kwa hii meza, kwa sahihi moja, na wewe unatuletea mizimu?"

"Mutahi, usiongee na mama hivyo," Nyawira alisema.

"Niongee namna gani, shemeji? Ndugu yangu nampenda. Lakini yeye hayuko hapa. Shiku yuko."

Nyawira alitazama karatasi. Alitazama kalamu. Kisha akamgeukia Bwana Ngatia.

"Nikimleta huyo Ben hapa, itakuwaje?"

Ngatia alikohoa. Alikuwa mtu mpole, aliyezoea kutoa habari mbaya kwa sauti ya chini.

"Mama, kanuni ziko wazi. Mtumishi akitekwa akiwa kazini, anahesabiwa yuko kazini. Mshahara unaenda kwa familia na bima haikatwi. Shida ni kwamba wakubwa hawaamini ametekwa. Wakipata shahidi aliyeishi naye kule, mambo yote yanageuka. Lakini faili linachukuliwa leo saa kumi kwenda Nairobi. Likiondoka hapa bila kiapo na bila shahidi, mumeo anabaki mtoro. Kulirudisha ni miezi."

"Na mtoto hana miezi," alisema Mutahi.

Nyawira alifunika kalamu, akairudisha mezani.

"Shemeji, rudi hospitali ukae na Shiku. Maitu, mama yangu, simama tuende Nanyuki."

"Na kama hayupo?" Mutahi alipaza sauti nyuma yao. "Na kama mama ameota?"

Nyawira alikuwa ameshafika ngazini.

*

Duka lilikuwa barabara ya nyuma mjini Nanyuki, mbali na hoteli ambako wanajeshi wa kigeni hunywa bia. Mabati yalisimamishwa mlangoni, na ndani kulikuwa na misumari, mipira ya maji na simiti mpaka darini. Nyuma ya kaunta aliketi Harshad, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ben? Hapa hakuna Ben, mama. Iko Ngugi tu, anabeba simiti."

"Tunaweza kumuona huyo Ngugi?"

"Yeye hapendi watu. Mtu kimya sana. Mnataka simiti?"

Kabla Nyawira hajajibu, mlango wa stoo ulifunguliwa. Akatoka mwanamume mwembamba mwenye gunia begani, mweupe kwa vumbi tangu nywele hadi viatu. Aliinua macho.

Gunia lilianguka, likapasuka.

Mtu yule akageuka, akakimbia.

"Mshike!" alipiga kelele Wakonyo.

Nyawira alivua viatu, akamfuata. Alipita katikati ya marundo ya mbao, akaruka mipira ya maji, akatokea uani. Mtu yule alikuwa ameshapanda nusu ya ukuta. Nyawira alidaka mguu wa suruali yake kwa mikono miwili, akaning'inia nao.

"Niachilie, mama! Mimi si yule unatafuta!"

"Kama si wewe, unakimbia nini?"

Alipiga teke. Kitambaa kikaanza kuchanika. Wakonyo akafika mlangoni akihema, mkono kifuani.

"Baba Mwai!" aliita.

Mtu yule aliganda juu ya ukuta. Mwai ni jina la kifungua mimba wake, na hakuna mtu aliyekuwa amemwita baba yake Mwai tangu azikwe.

Aliteremka polepole. Alikaa chini penye vumbi, akaficha uso kwa mikono. Kwenye mkono wa kushoto kidole kimoja hakikuwapo.

"Ni yeye," alisema Wakonyo, akaegemea mlango.

Ngoja nikwambie ukweli, msomaji. Nyawira alikuwa amejiandaa kumkumbatia. Badala yake alimzaba kofi.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yuko hai, mama Shiku. Nilimwacha akiwa hai."

"Ulimwacha? Wewe ulitoka vipi, yeye akabaki?"

Ben alijifuta uso, vumbi na machozi yakawa tope.

"Siku ya kuvamiwa walinitoa kwa gari kabla haijachomwa. Yule aliungua ni askari wa akiba tulikuwa tumebeba njiani, hakuna mtu alijua yuko na sisi. Walitupeleka porini sote wawili. Walipojua Wamae ni daktari wa wanyama, wakafurahi, kwa sababu ngamia zao zilikuwa zinakufa. Mimi hawakunitaka. Kula bure tu. Nikasikia wakipanga kunimaliza."

"Halafu?"

"Wamae akawaambia niko na ugonjwa. Ati nimeambukizwa na ngamia, na mtu akimwaga damu yangu hapo, boma yote itakufa, watu na wanyama. Aliniambia nikohoe. Akanipaka dawa fulani ngozi ikatoka malengelenge. Wakaogopa hata kunikaribia. Walinisukuma kwa fimbo ndefu mpaka nje ya boma, wakaniachia jangwa initoe roho. Nilitembea. Wachunga ngamia wakaniokota."

Wakonyo alifunika mdomo kwa kanga. "Mtoto yangu alifanya hivyo?"

"Alifanya, cucu. Angeweza kusema ni yeye mgonjwa. Alisema ni mimi. Akaniambia, wewe uko na watoto wadogo, enda. Ukifika, mwambie mama yangu niko hai."

"Na ukafika lini?" Nyawira aliuliza.

Ben alichora mstari vumbini kwa kidole.

"Nimekuuliza ulifika lini!"

"Kabla ya mvua za masika."

Masika yalikuwa yamepita zamani. Mahindi ya mvua hizo yalikuwa yameshavunwa na kuliwa.

"Miezi yote hii," alisema Nyawira taratibu. "Miezi yote ulijua. Wanamwita mume wangu mtoro. Mtoto wangu anafukuzwa kwa mashine. Na wewe unabeba simiti?"

"Nilifika Kangema," Ben alisema bila kuinua uso. "Nikasimama barabara ya juu nikaangalia kwetu. Kaburi yangu iko na msalaba, iko na jina yangu. Kando iko na nyumba mpya, mabati nyekundu. Sisi tulikuwa tunaishi kwa nyumba ya mbao, ikinyesha tunahamisha vitanda. Mwai alikuwa na yunifomu mpya. Nikajua serikali imewalipa kwa sababu nimekufa. Nikirudi, bibi yangu ataambiwa aliiba. Watabomoa nyumba, watamfunga. Nikasema, kumbe mimi nimewasaidia zaidi nikiwa marehemu. Nikageuka."

"Kwa hivyo wako walale chini ya mabati mekundu, na wangu alale wapi? Mochari?"

Nyawira alijua hawezi kumburuta mtu mzima hadi Nyeri. Alijua pia kwamba saa hazikuwa zikimsubiri. Alitoa simu, akampigia Mutahi ya video.

Uso uliotokea haukuwa wa Mutahi. Ulikuwa wa Shiku, umevimba, midomo imekauka.

"Mami, anko amelala kwa kiti. Uko wapi?"

Nyawira aligeuza simu, akampa Ben.

Mtoto alikodoa macho. Ben ndiye aliyekuwa akimrudisha Wamae nyumbani kila mwisho wa mwezi, na kila mara alimbeba Shiku mabegani mpaka langoni.

"Anko Ben? Si ulikufa?"

Ben alisogeza uso karibu na simu. "Ee, nilikuwa nimekufa kidogo."

Shiku alifikiri kidogo.

"Na Dadi? Pia yeye amekufa kidogo?"

Ben alimrudishia Nyawira simu, akasimama, akaanza kujipangusa simiti nguoni kwa makofi makubwa makubwa, kama anayejiadhibu.

"Twende," alisema. "Lakini nisikilize, mama Shiku. Ile hadithi ya ugonjwa isitoke nje. Tuseme nilitoroka tu. Wale watu wakijua daktari aliwachezea mbele ya vijana wao, hawatamsamehe."

"Nimesikia," alisema Nyawira.

Walipotoka, Harshad aliwazuia mlangoni. Alikuwa na koti kuukuu mkononi.

"Ngugi, au Ben, au nani, sijui mimi. Vaa hii. Nyeri iko baridi." Kisha akamgeukia Wakonyo. "Mama, huyu mtu analia kila siku huko stoo. Mimi nafikiri bibi imekufa. Kumbe yeye ndiyo imekufa!"

*

Faili lilikuwa tayari kwenye bahasha, na msichana wa mapokezi alikuwa akiibandika gundi, waliposukuma mlango.

Bwana Ngatia aliinua kichwa. Miwani ilimtoka.

Siku ile Kangema, yeye ndiye aliyesoma rambirambi za idara mbele ya waombolezaji. Alikuwa amesimama na kipaza sauti pembeni ya jeneza la mtu huyu huyu.

"Bwana Yesu," alinong'ona.

"Mimi si mzimu, bwana. Nishike."

Ngatia alimshika mkono, kisha bega, kisha akakaa chini kama mtu aliyesukumwa.

Ben alipandisha suruali. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa na kovu jeusi, limezunguka kama bangili.

"Hapa ndipo mnyororo ulikuwa. Mguu wangu na mguu wa daktari, pamoja. Jioni ikifika tunafungwa. Asubuhi wanamfungua adunge ngamia, bunduki iko mgongoni. Huyo mtu alisema ameona mikono yake ikiwa huru, hakudanganya. Lakini yeye aliangalia mikono. Hakuangalia miguu."

Ngatia alichukua simu ya mezani, akapiga Nairobi. Nyawira alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na kila neno lilimchoma.

"Ndiyo, mkubwa. Hapana, si mtu anayejifanya... Mimi namjua, nilimzika... Yuko mbele yangu... Ndiyo. Mnyororo... Hapana, mkubwa, siwezi kungoja kamati. Kuna mtoto hospitalini."

Wakonyo alikuwa akiomba kwa Kikuyu, midomo ikitikisika.

"Ndiyo, mkubwa. Asante, mkubwa."

Aliweka simu chini. Mpole yule alikuwa amelowa jasho.

"Kuanzia leo, Daktari Wamae ni mateka aliyetekwa akiwa kazini. Mshahara utaanza tena kuja kwako, mama. Na bima..." Alijaribu kutabasamu, machozi yakamtangulia. "Bima wanaifungua sasa hivi. Pigia hospitali, wamrudishe mtoto kwa mashine."

Nyawira hakupiga kelele. Aliegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza, akabaki hivyo mpaka Wakonyo alipomwinua.

"Na bibi yangu?" aliuliza Ben. "Atafungwa?"

"Kwa kosa gani? Alizika mtu aliyepewa na serikali. Kosa ni letu, na nitasema hivyo popote. Ila lazima niandike kwamba uko hai, Ben."

"Andika. Lakini nipe mpaka kesho. Acha nimwambie mwenyewe, asikie kwa mdomo wangu."

"Kesho," alikubali Ngatia.

*

Jua lilikuwa bado juu walipofika hospitalini. Shiku alikuwa amelala, mirija imeunganishwa, mashine ikiguna kando yake. Damu ilikuwa ikitoka na kurudi. Mutahi alisimama miguuni pa kitanda, na alipomwona Ben alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mama, nisamehe," alisema, akipiga magoti pale pale mbele ya manesi. "Nilitaka kumzika ndugu yangu."

"Simama. Ulitaka kuokoa mtoto," alisema Wakonyo. Akamshika masikio yote mawili kama zamani alipokuwa mdogo. "Na umjue ndugu yako ni nani. Kuja nikwambie alichofanya."

Nyawira alikuwa ameinama juu ya Shiku, akimpangusa midomo kwa kitambaa chenye maji. Hakumsikia mama mkwe wake akianza kusimulia, na Ben alikuwa ametoka kukaa koridoni. Hakuona Mutahi akisikiliza kwa mdomo wazi, akicheka, akilia, akijipiga paja. Hakumwona akitoka nje na simu.

Hilo ndilo kosa la siku hiyo, ndugu msomaji. Hakuna aliyemwambia Mutahi anyamaze.

Mutahi alibaki na mtoto. Nyawira, mama mkwe wake na Ben walirudi Othaya kupumzika, kwa sababu Ben hakuwa na pa kulala. Nyawira alipika ugali na sukuma wiki. Ben alikula kama aliyeanza kula leo. Kijua cha jioni kilikuwa bado kinapiga majani chai nje ya dirisha, na Wakonyo akafungulia redio apate habari.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mutahi.

"...huyo ndugu yangu ni kichwa! Aliwaambia dereva ana ugonjwa wa ngamia! Akampaka dawa! Na wale majambazi na bunduki zao wakakimbia kama kuku! Wamae, kama unanisikia, Nyeri nzima inajivunia wewe!"

Mtangazaji alikuwa akicheka hadi kukohoa. Alisema video ya mahojiano hayo imeshasambaa mitandaoni, watu wanaituma kila pembe ya nchi.

Kijiko kilimtoka Ben.

"Nilisema nini?" Aliinuka. "Mama Shiku, nilisema nini pale Nanyuki?"

"Ben, mimi sikumwambia..."

"Wale watu wako na simu! Wanaona kila kitu! Nimemuua. Aliniponya na mimi nimemuua!"

Alitoka nje kwa mlango wa nyuma. Walimsikia akitapika kando ya tangi la maji.

Nyawira alimpigia Mutahi. "Futa!" alipiga kelele. "Chochote umeweka, futa!"

"Shemeji, imefanya nini? Watu wanampenda..."

"Futa!"

Alikata. Kabla hajaweka simu chini, ikaita mkononi mwake. Namba ilikuwa ngeni, ndefu, haikuanza kama namba za Kenya.

Wakonyo alisogea karibu. "Weka sauti kubwa," alinong'ona.

"Mama Shiku?" Alikuwa mwanamume. Kiswahili chake kilikuwa laini, bila haraka, kama cha mtu anayeuliza bei ya mbuzi. "Mumeo ni hodari wa uongo. Vijana wangu wanachekwa nchi nzima."

"Tafadhali," alisema Nyawira. "Tafadhali, usimdhuru. Nitafanya lolote."

"Msikilize kwanza."

Kulikuwa na mkwaruzo, pumzi nzito, kisha sauti ambayo Nyawira hakuwa ameisikia kwa zaidi ya mwaka.

"Nyawira?"

"Wamae! Wamae, niko hapa!"

"Shiku anapata mashine?"

"Amepata. Leo. Yuko kwa mashine sasa hivi."

"Basi," alisema Wamae, na katika neno hilo moja mkewe alisikia mwili wake wote ukilegea. "Basi ni sawa. Usikubali..."

Kishindo. Kilio kifupi, cha mtu anayejaribu kutolia. Wakonyo aliuma kanga.

Sauti laini ilirudi.

"Sasa nisikilize wewe. Daktari bado ana kazi kwetu, lakini vijana wangu wanataka kichwa chake. Mimi nataka kitu kingine. Yule dereva ameishi nasi. Anajua visima vyetu, anajua nyuso zetu, na kesho serikali itamkalisha chini azungumze. Sitaki azungumze. Mlete. Tukimpata yeye, wewe utampata mumeo. Mtu kwa mtu."

"Mimi... mimi sijui yuko wapi."

Mwanamume alicheka kidogo.

"Mama Shiku. Mumeo ndiye hodari wa uongo. Si wewe. Una mpaka kesho jua likichwa. Ukimwambia polisi, au huyo ofisa wako, tutakutumia video yetu na sisi."

Simu ikakatika.

Nyuma ya nyumba, maji yalikuwa yakitiririka. Ben alikuwa akinawa uso. Kisha mfereji ukafungwa, na nyayo zake zikasikika zikikaribia mlango wa jikoni.

Aliingia akijifuta kwa mkono wa lile koti la Harshad. Alitulia kidogo sasa. Alijaribu hata kutabasamu.

"Nimesikia simu," alisema. "Ni nani, mama Shiku? Wamesema nini?"

Nyawira alifungua mdomo. Alimwona mtu aliyebebewa uhai na mume wake. Alimwona baba yake Mwai. Akaisikia tena ile "basi" ya Wamae, na kile kilio kilichofuata.

Wakonyo ndiye aliyeinuka.

Mama yule, aliyemwombea Ben njia nzima kutoka Nanyuki, alipita kando yake bila kumtazama usoni. Alifika kwenye mlango wa nyuma, akausukuma mpaka ukafungika, akazungusha ufunguo mara mbili. Akauchomoa, akautia kifuani, ndani ya nguo.

"Kaa chini, Ben," alisema. "Wewe huendi Kangema kesho."